Hamsini kwa mia ya nini?

Jumamosi moja mwezi uliopita alinijia nyumbani mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili nje kidogo ya jiji letu la Eldoret. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Baada ya salamu na chai, aliifungua na kuweka mezani karatasi mbili: mkataba wa kuuziana ardhi na hati miliki iliyotoka juzijuzi.

"Prof," akasema, "mimi nilinunua wani eiti. Sasa hebu niambie, hii hati inasema nini?"

Nikamkumbusha kwamba mimi ni mtu wa lugha, si mpima ardhi. Akanijibu papo hapo: "Ndiyo maana nimekuja kwako. Mpima nimeshamwona, anasema vipimo viko sawa. Wakili naye anasema karatasi ziko sawa. Basi shida iko kwenye maneno."

Nikavaa miwani, nikasoma. Kinywani mwa dalali, kipande kile kilikuwa kikiitwa "fifti bai handredi". Katika mkataba kiliandikwa kuwa sehemu moja ya nane ya ekari. Katika hati miliki ni hekta 0.045. Majina matatu, ardhi moja. Naye mwalimu wangu, mtu wa shahada, aliyachukua majina hayo kama visawe. Wala si yeye peke yake. Tangu siku hiyo nimewauliza watu kadhaa, wakiwemo wenzangu wawili chuoni, na wote wameniambia vivyo hivyo: fifti bai handredi ndiyo wani eiti, na wani eiti ndiyo hiyo nukta sifuri nne tano.

Si kweli. Tufanye hesabu kidogo, msomaji, maana hapa lugha haiwezi kusimama bila hesabu. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ukiigawa mara nane, kila sehemu ni futi za mraba 5,445, yaani takriban mita za mraba 506. Kipande cha futi 50 kwa futi 100 kina futi za mraba 5,000, ambazo ni kama mita za mraba 465. Hekta 0.045 ni mita za mraba 450 kamili. Kutoka lile neno la mkataba hadi ile nambari ya hati, zimetoweka mita za mraba 56. Chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu kina mita za mraba tisa. Mwanafunzi wangu amepoteza vyumba sita kabla hajachimba msingi.

Dalali naye ana utetezi wake, na haki tumpe. Ukiikata ekari moja katika vipande vinane vya futi 50 kwa 100, unakuwa umetumia futi za mraba 40,000. Zinabaki 3,560, na hizo ndizo barabara. Bila barabara, wa nyuma watapita wapi? Tena Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaichukulia mipaka mingi kuwa ya kukadiria tu. Huenda basi hakuna aliyeiba. Lakini kama barabara imetolewa ndani ya thumuni, kilichouzwa si thumuni tena. Kiitwe kwa jina lake. Hapo ndipo mpima anapotuachia sisi watu wa lugha kazi.

Nimelitumia neno "thumuni" kwa makusudi. Wasomaji wa rika langu watalikumbuka kama jina la sarafu ya senti hamsini. Maana yake ya asili, kutoka Kiarabu, ni sehemu moja ya nane. Kiswahili kina robo, kina thuluthi, kina thumuni. Wani eiti haikuja kuziba pengo lolote. Hata hivyo, kosa ninalotaka kulijadili leo si la kukopa neno la Kiingereza. Maneno ya kukopa tunayo tele, na "ekari" yenyewe ni mojawapo. Kosa ni kubwa zaidi: tumezoea kutaja nambari na kuliacha jina la kipimo.

Angalia muundo wa lugha yetu. Mswahili husema kilo mbili, futi hamsini, ekari tano, lita ishirini. Jina hutangulia, nambari hufuata. Kipimo ndicho nomino, ndicho kinachoongoza kirai kizima, na hata kile kinachopimwa hukifuata kwa unyenyekevu: kilo mbili za sukari, debe moja la mahindi. Kwa Kiingereza nambari hutangulia na jina la kipimo huja baadaye, na kitu kilicho mkiani ni rahisi kukatika. Ndivyo ilivyozaliwa "fifti bai handredi". Mkia ulikatika. Sasa tunatembea na hamsini na mia ambazo hazina baba wala mama. Hamsini ya nini? Mia ya nini? Hatua? Mita? Ingekuwa mita, mwalimu wangu angekuwa mmiliki wa nusu hekta, karibu ekari moja na robo!

Najua utanipinga. Utaniambia: "Mwalimu, mbona hata kwa Kiswahili jina huachwa? Mtu akiingia buchari husema nipe nusu, nipe robo, na hakuna anayeuliza robo ya nini." Kweli kabisa. Nami kila Ijumaa huitisha robo yangu kama wengine. Nenda pia kwenye duka la mbao. Fundi atakuitishia "tubaitu" na "fotubaitu", na muuzaji atampa mbao za inchi mbili kwa mbili na nne kwa mbili bila swali. Fundi huyohuyo, katika pumzi hiyohiyo, ataitisha mabati ya mita tatu, misumari ya inchi nne, nondo za milimita 12 na mawe ya tisa kwa tisa. Nyumba moja ya Eldoret hujengwa kwa mifumo miwili, na paa haliporomoki kwa sababu hiyo. Fundi cherehani atakwambia kiuno chako ni thelathini na nne huku akikuuzia kitambaa kwa mita, na suruali itakukaa vizuri.

Kwa nini basi kwa nyama na mbao hatuumii, na kwa ardhi tunaumia? Nimelifikiria swali hili kwa majuma kadhaa, na jibu langu ni hili: jina la kipimo linaweza kunyamaza pale ambapo chombo cha kupimia kiko machoni pa wote wawili. Buchari kuna mizani, na mshale wake unaouona ndio unaosema "kilo". Fundi ana tepu mfukoni, na ubao uko mbele yake. Lakini mpima ardhi huja siku moja, hupanda vigingi na kuondoka. Hakuna jicho linaloweza kutazama nyasi na kutofautisha mita za mraba 506 na 450. Mahali ambapo jicho limeshindwa, neno ndilo mizani ya pekee iliyobaki. Nalo neno tumelikata mkia.

Tuliufikiaje mchanganyiko huu? Hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wa hapa wangali wanaliita jiji hili Sisibo. Ni lile neno la Kiingereza la nambari 64, lililopita katika vinywa vya wenyeji hadi likalainika. Kabla ya kupewa jina la Eldoret mwaka 1912, mji ulijulikana kwa nambari hiyo, kwa sababu ulikaa juu ya Shamba Nambari 64 katika mpangilio wa mashamba ya walowezi. Wako wanaosema pia kwamba ni maili 64 kutoka kituo cha reli cha Londiani. Hebu tafakari: nambari moja, na watu wanabishana kama ni nambari ya shamba au ni hesabu ya maili, kwa sababu jina lililopaswa kuitangulia halipo. Jiji lililopandishwa hadhi mwaka 2024 lilianza maisha yake kama nambari isiyo na nomino.

Ukitoka katikati ya jiji kwa barabara ya Uganda utafika Maili Nne. Kila siku makanga huita "Maili Nne! Maili Nne!" na vijana huingia garini bila kujua maili ni kitu gani. Shuleni wamefundishwa kilomita tu. Tanzania nao wana Maili Moja kule Kibaha. Hakuna anayedai mahali hapa pabadilishwe jina paitwe Kilomita Sita Nukta Nne. Jina la mahali lina haki ya kuzeeka. Tena neno lenyewe lina historia tamu: linatokana na Kilatini, hatua elfu za askari wa Roma. Wanariadha wetu nao wanaliweka hai. Mbio za maili ndizo pekee za vipimo vya Kiingereza ambazo rekodi yake ya dunia ingali inatambuliwa, na mwaka 2023 kule Monaco Faith Kipyegon aliiandika kwa dakika 4 na sekunde 7.64. Hata marathoni, ambayo wakimbiaji wetu wa Kaptagat na Iten huipigia hesabu ya kilomita kila alfajiri, urefu wake wa kilomita 42.195 ni maili 26 na yadi 385 za Olimpiki ya London ya mwaka 1908.

Ekari nayo ina historia ambayo haiwezi kufutwa kwa kalamu ya mwanasheria. Mpango wa kuwapa Waafrika makao kwenye yale yaliyoitwa mashamba ya Wazungu, ulioanza mwaka 1962, uliitwa Mpango wa Ekari Milioni. Wazazi wetu walichanga pesa katika vyama na makampuni ya kununua mashamba ya walowezi, nao walizihesabu haki zao kwa ekari. Mzee wa Uasin Gishu akikwambia ana eka kumi, hazungumzii eneo tu. Anakusimulia alivyotoka kuwa kibarua akawa mwenye shamba. Hekta haikuwepo katika simulizi hilo. Ilikuja baadaye, kwa amri, na ilipokuja iliingia ofisini ikaketi huko.

Mimi nilikuwa shuleni nchi ilipohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Miaka ya mwanzo ya shule ya msingi, daftari letu lilikuwa na majedwali nyuma ya jalada: inchi 12 ni futi moja, futi tatu ni yadi moja. Tuliyakariri kwa kuimba. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwalimu akaingia siku moja akatuambia tusahau. Sasa ni mita. Rula zetu zilikuwa na pande mbili, inchi upande huu na sentimita upande ule, na mwalimu alitupiga marufuku kutumia upande wa inchi. Lakini hakuukata. Nadhani taifa zima tulifanywa hivyo. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, ikachukua upande wa sentimita. Mitaa, viwanja na vinywa vikabaki na upande wa inchi. Na hakuna aliyetufundisha jinsi ya kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tulifundishwa kuacha. Hatukufundishwa kubadilisha.

Kabla ya upande wowote wa rula hiyo, pwani ya Waswahili ilikuwa na vipimo vyake: shibiri na dhiraa, wari na pima kwa urefu, wakia, ratili na frasila kwa uzito, kibaba na pishi kwa nafaka. Siwataji kwa kulilia yaliyopita. Shibiri ya nani, yangu au ya mtoto? Vipimo hivi navyo vilikuwa na wajanja wake. Ninachokionea wivu ni jinsi lugha ilivyowajibu wajanja hao. Kibaba kilichojazwa hadi kikafanya kichuguu kiliitwa kibaba cha tele. Kilichosawazishwa ukingoni kiliitwa kibaba cha mfuto. Mnunuzi na muuzaji walikuwa na maneno mawili mahali pale pale ambapo ugomvi ungezuka, kwa hiyo walimaliza ugomvi kabla ya kupima. Na Waislamu hadi leo hutoa Zakatul-Fitri kwa pishi, vibaba vinne, ingawa wengi wao hununua mchele kwa kilo. Wameweza kwa sababu kila mwaka, Ramadhani inapokaribia kwisha, masheikh huwaeleza waumini pishi ni kilo ngapi. Hawakuliacha jina la kale wala hawakuliacha bila tafsiri.

Sasa linganisha na soko letu la leo. Mkulima wa hapa huuza mahindi kwa gunia la kilo 90. Umewahi kujiuliza kwa nini 90, katika mfumo unaopenda kumi na mia? Ni kwa sababu gunia la zamani lilikuwa la ratili 200, ambazo ni kilo 90 na nusu na ushei. Gunia letu la kimetriki ni gunia la Kiingereza lililovaa kanzu. Debe nalo lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni nne, kama lita 18. Hayo hayana madhara kwa yeyote. Madhara huanza kwenye gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia lililogeuka kuwa kipimo. Gorogoro husemwa kuwa kilo mbili. Kama ni kilo mbili sawasawa, gunia la kilo 90 linatoa gorogoro 45. Likibeba kilo mbili na robo, gunia hilo hilo linatoa 40. Mama anayeuza mahindi yake shambani kwa mnunuzi aliyekuja na kopo lake mwenyewe anaweza kupoteza gorogoro tano kwa gunia, na hajaibiwa hata neno moja, kwa maana hakuna aliyetaja kilo. Kisha mahindi hayo hayo yakifika mjini hupimwa kwa kopo lililogongwa nyundo kitakoni, na mnunuzi wa mwisho hupunjwa upande wake.

Gorogoro ni jina la chombo, si jina la kipimo. Chombo kiko machoni, sawa, lakini kiasi chake kimefichika. Mbona hatuna "gorogoro la tele" na "gorogoro la mfuto"? Kwa viazi tulijaribu. Gunia lililoongezewa kilemba juu liliitwa lumbesa kule Tanzania, na huku kwetu likapewa jina la mukorino kwa mfano wa kilemba cha Waakorino. Wakulima walipokuwa na jina la dhuluma yao, waliweza kuilalamikia, na kanuni za mwaka 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Soko halijatii kote, ukweli usemwe. Lakini huwezi hata kupeleka mashtaka ya jambo ambalo halina jina.

Turudi kwenye ardhi, maana huko ndiko majina yanakosekana kwa gharama kubwa. Siku hizi watu wa hapa hupenda kusema "pointi". Nimenunua pointi moja. Nauza pointi mbili. Pointi moja ni nini? Ni 0.1, sawa, lakini ya ekari au ya hekta? Sehemu ya kumi ya ekari ni futi za mraba 4,356. Sehemu ya kumi ya hekta ni takriban 10,764. Ya pili ni karibu mara mbili na nusu ya ya kwanza. Watu wawili wanaweza kupeana mikono wakiamini wamekubaliana, mmoja akiwa na ekari kichwani na mwingine akiwa na hekta. Hakuna aliyedanganya. Nomino tu haikuwepo.

Wenzetu wa Tanzania wameuingia mtego huu kwa mlango mwingine. Katika mazungumzo, wengi wao huiita ekari "heka". Sauti ni ya hekta, maana ni ya ekari. Mkenya anayevuka mpaka kutafuta shamba la mpunga, akiambiwa "heka kumi", na ajiulize mara mbili kabla ya kutabasamu: hekta moja ni ekari 2.47.

Halafu kuna kusoma nambari. Juzi nilisikia tangazo la viwanja redioni, na kijana aliyelisoma alitamka 0.045 kama "pointi arobaini na tano". Sifuri moja imemezwa, na kiwanja kimekua mara kumi hewani! Tarakimu zinazofuata nukta husomwa moja moja: sifuri nukta sifuri nne tano. Walimu wa Hisabati wanaijua kanuni hii. Walimu wa Kiswahili tumeiachia Hisabati, na Hisabati imeiachia Kiingereza.

Usidhani haya ni mambo ya madalali wa mtaani tu. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa na mafuta angani kwa kuwa waliokokotoa mafuta walitumia kigezo cha ratili wakidhani wanapata kilo. Rubani aliitelemsha kama kishada hadi uwanja wa zamani wa Gimli, na kwa bahati hakuna aliyekufa. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu kundi moja la wataalamu lilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na kundi la pili likazipokea kama za kimetriki. Hao ni wasomi wa kurusha vyombo angani. Hawakushindwa hesabu. Nambari ilisafiri kutoka meza moja hadi nyingine bila jina lake, kama mtoto aliyetumwa sokoni bila kuambiwa anunue nini.

Sasa lawama tuielekeze wapi? Ni rahisi kumlaumu dalali. Mimi naanza na sisi wenyewe, watu wa lugha. Tumetumia miaka mingi kubishana kama "mraba" utumiwe na kiunganishi au bila, na kama "nukta" ni sanifu kuliko "pointi". Kamusi ikitaja tu kwamba ekari ni kipimo cha eneo na hekta ni kipimo cha eneo, humwacha msomaji papo hapo njia panda. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, pamoja na kasoro zake za kikoloni, angalau ilimwambia Mwingereza shibiri ni kama inchi ngapi na pishi ni kama ratili ngapi, kwa sababu ilijua msomaji wake atakwenda sokoni na neno hilo. Sisi tunamwandikia nani? Vitabu vyetu vya Kiswahili vya shule hufundisha vipimo kama msamiati wa kukariri: orodha upande huu, picha ya mizani upande ule. Sijaona zoezi linalomtaka mwanafunzi asome mkataba wa kuuziana kiwanja na kusema ni nini kilichouzwa. Ilhali wengi wao, miaka kumi baadaye, wataweka akiba yao yote juu ya karatasi kama hiyo.

Wanahabari nao, nikiwa ndani ya ukumbi huu wao, hawaponi. Ukurasa mmoja wa gazeti utataja moto ulioteketeza "ekari 200" za msitu, na ukurasa wa pili utataja "hekta 80" za moto uo huo. Msomaji atadhani ni mioto miwili.

Sipendekezi tuizike ekari. Waingereza wenyewe, wenye vipimo vyao, wangali wanahesabu barabara kwa maili. Ninachopendekeza ni kidogo, na kila mtu anaweza kukifanya bila kamati. Kwanza, turudishe nomino mahali pake, mbele ya nambari: futi 50 kwa futi 100, ekari 0.1, hekta 0.1. Ukimsikia mtu akisema "fifti bai handredi", muulize kwa upole, "Za nini?" Pili, mkataba wowote wa ardhi uandike eneo kwa mita za mraba kando ya kipimo chochote kingine watakachokipenda wauzaji, kwa sababu hati itakuja kwa hekta, na hekta moja ni mita za mraba 10,000, hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Tatu, tumfundishe mtoto pande zote mbili za rula. Ajue kwamba ekari moja ni mita za mraba 4,047, ili Maili Nne ya makanga na kilomita za mwalimu zikae katika kichwa kimoja bila kugombana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi wangu alikuwa na daftari. Alikuwa na mkataba, mashahidi, mhuri na hati. Mali yake ilipotea ndani ya daftari, kati ya neno moja na jingine.

Nilipomaliza kumwandikia hesabu zile nyuma ya bahasha yake, alizitazama kwa muda mrefu. Kiwanja hatakirudisha, ameshakizungushia ua, na jirani zake wana hati zenye nambari ile ile. Lakini dada yake alikuwa anajiandaa kulipia kipande cha jirani, kwa dalali yule yule. Akampigia simu hapo hapo kwangu sebuleni.

"Dada," akamwambia, "kabla hujatuma hizo pesa, mwambie aandike mita za mraba ngapi. Usikubali hamsini kwa mia. Muulize za nini."

Sikusikia jibu la upande wa pili, ila nilimsikia mwanafunzi wangu akirudia, mara hii polepole, akitenganisha maneno kama mwalimu ubaoni: "Mita. Za. Mraba." Haba na haba, tunaambiwa, hujaza kibaba. Tusisahau kwamba haba na haba pia hukimaliza.